Kiriba Chini ya Shali

Mto wetu unanuka. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Valdecueros wana tabia ya kuanza na mengine: daraja la mawe lenye matao saba, mnara wa kanisa, matandiko ya farasi wa wafalme yaliyoshonwa kwa ngozi zetu. Porojo tupu. Mto unanuka mavi ya nguruwe, na mwezi wa Agosti, maji yakipungua hadi mawe yanatoa vichwa, harufu inaingia mpaka kwenye mkate. Nafunga madirisha yote, nakaa gizani kama popo, na bado nikimenya kitunguu nasikia nguruwe.

Mimi ni Orosia Lanuza, nina miaka sabini na minne, binti wa mtengeneza ngozi wa mwisho wa mji huu. Nisikudanganye, sikulelewa kwenye manukato. Baba alilainisha ngozi kwa mavi ya mbwa na ya njiwa, kama walivyofanya babu zake, na sisi tulikula, tukalala, tukasali rozari ndani ya harufu ile. Lakini yale yalikuwa mavi ya kazi. Yaliingia kwenye pipa, kikatoka kiatu. Haya ya leo yanatoka kwenye bomba nyuma ya kinu cha zamani, meusi, mazito kama uji, na hakuna anayevaa chochote kilichotokana nayo. Nguruwe elfu nane wako kule juu chini ya mapaa ya bati, na mwenye nguruwe ni shemeji yake meya.

Zamani za mababu, watu wa Ribas, mji ulio chini yetu kwenye mto huu huu, walituburuza mahakamani. Walisema watengeneza ngozi wa Valdecueros wanawaulia watoto kwa maji machafu. Jaji akaja na nyumbu wake, akaziba pua, akakata shauri hivi: kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo, Mkuu wa Udugu, chama cha watengeneza ngozi, ateremke kwenye ngazi za mto, chini ya viwanda, anywe kikombe kizima cha maji ya mto mbele ya miji yote miwili. Akikataa, au akitapika, viwanda vifungwe mwaka mzima. Na kikombe kijazwe na mwanamke wa nyumbani kwake, mke au binti au dada, ili asije adui akamtilia sumu.

Jaji alikuwa msomi. Alijua sheria zote, ila wanawake wa Valdecueros hakuwajua.

Hebu niambie, mwanamke gani atamjazia mumewe mavi ya mbwa na chokaa, kisha asimame amtazame akimeza? Mwaka ule ule wa kwanza mke wa Mkuu alishona kiriba kidogo cha ngozi ya mwanambuzi, akakijaza maji ya chemchemi ya kikanisa cha mlimani, akakificha chini ya shali. Ngazini alichutama, mgongo kwa watu. Mkono mmoja aliuchovya mtoni ili watu wasikie maji yakilia, mkono wa pili ukakamua kiriba ndani ya kikombe. Mumewe akanywa, akafuta masharubu, akashangiliwa. Hakujua kitu. Hakuna mwanamume aliyewahi kujua. Mama alinionyesha mimi kama alivyoonyeshwa na mama mkwe wake, jikoni, mlango umekomewa, na maneno yake yalikuwa haya: "Wao wana ushujaa, sisi tuna kiriba. Nani ataona, nani ataumia? Ukifungua mdomo nakukata ulimi." Na mama hakuwa mtu wa mzaha.

Viwanda vilifungwa nikiwa msichana, lakini kikombe kiliendelea. Wanaume wanaweza kuacha kazi, kushangiliwa hawaachi. Kaka yangu Lamberto alipofanywa Mkuu wa Udugu mkewe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nikamjazia mimi. Miaka ishirini na miwili nimemjazia. Lamberto ni mtu mpole, alikuwa karani wa posta, maisha yake yote kagonga mihuri na kuogopa mbwa. Alikuwa na jambo moja tu la kujivunia chini ya jua, kwamba amekunywa mto. Alilisema kanisani, alilisema kwa kinyozi, alilisema kwenye mazishi ya watu wengine.

Sasa tangu majira ya baridi bomba la mji lilibandikwa karatasi: maji haya yasinywewe. Tukawa tunapanda mlimani na madumu, mji mzima, vikongwe na wajawazito, kwenda kuteka kwenye chemchemi ile ile ya kikanisa. Ndiyo maji safi pekee yaliyobaki. Na mwezi wa Mei meya akaitisha mkutano kutuambia kwamba shemeji yake anataka kujenga banda la pili, la nguruwe elfu kumi, na mahali alipopachagua ni mlimani, pale pale juu ya chemchemi.

Meya wetu anaitwa Honorio Castán. Nywele zake zimelala kwa mafuta, ana tabasamu lisilofungwa hata mvua ikinyesha. Akasimama mbele yetu na kusema nguruwe ni ajira, nguruwe ni barabara, nguruwe ni mustakabali.

Nunila, mwenye duka la mikate, ambaye hana breki mdomoni, akanyanyuka. "Honorio, mto umeshakuwa choo. Mkijenga na kule juu, wanangu watakunywa nini? Jasho lako?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kizuri, kilikuwa cha kwetu sote. Kidogo tu meya abanwe. Hapo ndipo Lamberto aliponyanyua fimbo yake kuomba nafasi.

"Nunila, mwanangu," akasema, "heshima zote. Lakini mimi nimekunywa mto huu miaka ishirini na miwili. Sijawahi kuumwa hata tumbo. Mwaka jana nimekunywa, na bomba la nguruwe lilikuwepo. Nipo hapa, nina miaka themanini na mmoja, napanda ngazi. Harufu ni harufu, watu wangu, haiui mtu. Maji yetu hayana neno."

Nani ambishie? Kila mtu mle ndani alikuwa amemwona kwa macho yake akinywa. Nunila mwenyewe akaketi chini. Mikono ikanyooshwa, banda likapita. Na mimi nilikuwa safu ya mwisho, mdomo nimeufumba, mkoba mapajani. Nilijisikia nanuka mimi, kuliko mto.

Kilichobaki ni kibali cha maofisa wa mkoa. Meya akawaalika kwenye sikukuu, wao na televisheni. Halafu, kwa kuwa Lamberto alikuwa anastaafu kwenye Udugu kwa sababu ya magoti, Honorio akagombea Ukuu. Babu yake alikuwa mtengeneza ngozi, kwa hiyo alikuwa na haki. Akachaguliwa. Mpango wake hata mtoto angeuona: maofisa wafike, meya wa mji anywe mto mbele yao, aseme mnaona, nipo hai, leteni muhuri.

Wiki moja kabla ya sikukuu, saa ile ya mchana ambayo watu wenye akili zao wamelala, akagonga mlango wangu. Nilikuwa nakaanga makombo ya mkate kwa kitunguu saumu na zabibu.

"Shangazi Orosia!" Akanibusu mashavu yote mawili. Midomo yake ilikuwa na unyevu. Mimi si shangazi yake, namshukuru Mungu.

"Karibu. Usikanyage hapo, nimepiga deki."

Akakanyaga. Akaketi kwenye kiti cha marehemu baba, akavuta kikaango, akachota kwa kidole. Kwa kidole! Akakilamba, akasema, "Shangazi, una mikono ya dhahabu," kisha akachota tena kwa kidole kile kile chenye mate. Nikakisukuma kikaango chote upande wake. Sikula tena siku ile.

"Una shida gani, Honorio?"

"Shida? Mtu hawezi kuja kumsalimu mama yake?" Nimeshapanda cheo, nikajisemea, kutoka shangazi. "Ila nimesoma sheria za Udugu. Mkuu mpya kama hana mwanamke nyumbani, dada wa Mkuu aliyetangulia anaweza kumjazia." Mwanamke nyumbani hakuwa naye kweli. Mkewe alikwenda Barcelona na daktari wa meno, na hapa mjini hakuna aliyemlaumu.

"Anaweza," nikasema.

"Basi utanijazia wewe."

"Nitakujazia."

Akatazama mlango. Akatazama dirisha. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa chupa iliyovikwa soksi. Soksi ya mguuni, ya kijivu, kisigino kimelika. Akaiweka mezani, karibu na mkate wangu.

"Maji ya dukani," akanong'ona. "Unajua, shangazi, tumbo langu si kama la mzee Lamberto. Yule ni chuma. Wewe pale ngazini unawapa watu mgongo, nani ataona? Unamimina kidogo tu. Televisheni inaniona nakunywa, wageni wananiona, mambo yamekwisha. Nani ataumia?"

Nikaitazama ile soksi. Nikatazama nyuma ya mlango, ambako kiriba kilikuwa kinaning'inia katikati ya aproni, hatua mbili kutoka kisogo chake.

"Umeiwaza mwenyewe?" nikamuuliza.

"Mwenyewe," akasema, na kifua kikamtanuka.

Kinyaa kikanipanda kutoka tumboni mpaka kwenye meno. Na sikiliza vizuri, hakikuwa juu yake tu. Yeye nilikuwa nimemzoea, mtu huzoea hata chawa. Kilichonitia kichefuchefu ni kwamba yalikuwa maneno ya mama yale. Nani ataona, nani ataumia. Nilikuwa nimeyasikia jikoni mle mle, nikayaamini, nikayafanyia kazi miaka ishirini na miwili, nikajiona mwerevu. Mimi na Honorio tulikuwa watu wa kazi moja. Tofauti ilikuwa soksi.

"Iache hapo," nikamwambia.

Akanikonyeza jicho na kuondoka. Nikaichukua ile chupa kwa koleo la kuokea, nikaitupa.

Siku zile hadi sikukuu sikupata usingizi mzuri. Nilikuwa nawaza hivi: kama wanaume wetu wangeunywa mto kweli, hata mwaka mmoja tu, wangeulinda kama mboni ya jicho. Mtu akijua mwezi wa Agosti ataumeza, haruhusu mtu atie bomba. Sisi wanawake ndio tuliowanyima sababu. Tuliwapa maji matamu na makofi, wakaenda zao kucheza karata, na mto ukaoza. Nikinyamaza tena, meya atakunywa salama, banda litajengwa, chemchemi itakufa. Nikisema, chemchemi itapona. Lakini Lamberto atabaki na nini? Mihuri?

Asubuhi ya sikukuu nilikwenda kumpigia pasi joho lake la Udugu, maana ingawa anastaafu alitakiwa ashuke na wenzake. Nikamkuta amevaa shati jeupe, amejinyoa, amejikata kidevuni, anajisomea hotuba ya kuaga mbele ya kioo.

"Orosia, sikiliza hapa. 'Nimeubeba mto huu tumboni mwangu.' Vipi, si nimetia chumvi?"

"Kidogo."

"Basi naiacha."

Nikaweka pasi chini. "Lamberto. Hujawahi kujiuliza kwa nini yale maji hayanuki ukiyanywa?"

"Nimejiuliza." Akageuka, uso unang'aa kama wa mtoto wa komunyo ya kwanza. "Kila mwaka najiuliza. Ngazini yananuka, najikaza, nasema leo nakufa. Nikitia mdomoni, matamu. Sijawahi kumwambia mtu, mdogo wangu, watu watasema najitangaza mtakatifu. Lakini nadhani ni Bartolomeo. Nadhani anayageuza."

Yesu na Maria. Kumbe miaka yote hii nilikuwa sijamficha tu jambo. Nilikuwa nimemtengenezea muujiza. Nilitamani nimkumbatie na nilitamani nitapike, vyote kwa pamoja, nikaishia kumwambia asimame wima nimfunge vifungo.

Tukashuka baada ya misa, jua utosini. Mtakatifu wetu mbele, mabegani mwa wanaume wanane. Waliomtesa walimchuna, kwa hiyo sanamu ameishika ngozi yake mwenyewe mkononi kama koti, na kwa joto lile hata yeye alionekana ameshukuru kuivua. Ng'ambo ya mto walipanga mstari watu wa Ribas, kama kila mwaka, wanakuja kutuangalia kwa chuki ya kurithi. Upande wetu viti vya maofisa wa mkoa, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wote vitambaa puani, na kijana wa televisheni amekuwa kijani usoni kwa kinyaa.

Na mto, niseme nini? Povu la njano lilikuwa limejikusanya kwenye ngazi ya mwisho, limeganda juu kama utando wa maziwa. Samaki mmoja alikuwa kalala tumbo juu, macho yamekwishaliwa. Mainzi hayakuruka hata ulipoyafukuza, yalikuwa yameshiba. Nilishuka ngazi moja moja, shali nyeusi mpaka magotini, kiriba kwapani, kikombe cha fedha mkononi, na kila ngazi viatu vyangu vilikuwa vinanata.

Honorio alisimama nyuma yangu na joho jipya. "Fanya haraka, shangazi," akanong'ona bila kufungua meno, anatabasamu kwa televisheni. "Pananuka kama choo cha stesheni."

Nikachutama. Mgongo kwa watu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kiriba, haki ya Mungu, wenyewe, kwa mazoea. Nikaukamata kwa mkono mwingine. Nikakaa hivyo kidogo, kikongwe amejishika mkono kwenye ngazi ya mavi.

Kisha nikasimama nikageuka.

"Watu wa Valdecueros!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotarajia. "Na nyie wa Ribas, tazameni pia, leo mna haki." Nikatoa kiriba chini ya shali nikakinyanyua juu, nikakifungua, nikakimimina mbele ya viatu vya Honorio. Maji yakateremka kwenye jiwe, meupe, yakasafisha njia nyembamba katikati ya uchafu. "Haya ni ya chemchemi. Haya ndiyo niliyomjazia Lamberto miaka ishirini na miwili. Hajawahi kunywa mto. Alidhani anakunywa. Nilimdanganya mimi, na nyie nyote nikawadanganya."

Jina la mama lilikuwa kwenye ulimi, na la baba. Nikayameza. Niliona aibu ya mtu mmoja inatosha mji huu.

Nikainama, nikasukuma povu kando kwa kikombe, nikakichovya. Nikamnyooshea Honorio. "Haya ndiyo maji ya mto, Mkuu. Kunywa. Si tuliambiwa hayana neno?"

Angalia mtu asiye na haya. Tabasamu halikutoka! "Shangazi amepigwa na jua," akawaambia wageni. "Mleteeni kiti. Mleteeni kitu cha baridi."

"Mleteeni yeye kile kikombe!" Nunila akapaza sauti kutoka juu. Ng'ambo, Ribas wakaanza kupiga miguu chini, wanaume kwa wanawake, wakiita neno moja, "Anywe! Anywe!" Walikuwa wamelingoja miaka mia tatu.

Honorio akakipokea. Akakileta kwenye kidevu. Nilimwona akivuta pumzi, na harufu ikamkuta. Akakishusha. "Hii ni hujuma," akasema. "Kisheria mimi sina—"

"Nipe hicho."

Lamberto alikuwa ameshuka. Ngazi zote thelathini, na magoti yale, na hakuna aliyemshika mkono. Joho nililopiga pasi lilikuwa linaburuza kwenye uchafu. Hakumtazama Honorio, alinitazama mimi, na sijui nimwelezeeje mtu macho yale. Nimewahi kumwona mtu akirudi kutoka makaburini na kukuta nyumba imeibiwa. Karibu na hivyo.

"Miaka yote?" akauliza.

"Yote, kaka."

"Na yale matamu…"

"Ya mlimani."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea risiti. Kisha akamnyang'anya Honorio kikombe.

"Lamberto, acha! Utakufa!" Nikamrukia mkono. Mimi, niliyekijaza! Maji yakanirukia shingoni, vuguvugu, yana utelezi, nayasikia hadi leo nikioga. "Nimesema mimi muongo, inatosha, weka chini!"

"Orosia, niachie. Nimesimama hapa mara ishirini na mbili napigiwa makofi." Hakupandisha sauti. "Acha ninywe hata mara moja."

Akanywa. Sikutaka kutazama, nikatazama. Alikunywa macho wazi, na kila funda lilikuwa linakataa na yeye analisukuma. Povu lilibaki kwenye mdomo wa juu. Nusu ilipokwisha akakirudisha kwa Honorio.

"Hayageuki," akasema. "Iliyobaki yako."

Honorio alitazama ndani ya kikombe. Akainama kwenye miguu ya mtakatifu akatapika zabibu zangu, au za mtu mwingine, mbele ya mkoa mzima na televisheni. Makofi hayakupigwa. Watu wa Ribas wakavua kofia. Lamberto akapanda ngazi tano, ya sita ikamshinda, wakambeba.

Hospitalini alikaa siku kumi na moja. Siku nne za kwanza sikuruhusiwa kumwona, na hata ningeruhusiwa sijui kama yeye angeniruhusu. Madaktari wakaandika kwenye karatasi majina ya vijidudu vilivyokuwa tumboni mwake, na kwamba vimetoka kwenye matumbo ya nguruwe. Karatasi ile ikafika mkoani, na yule mwanamke mwenye kitambaa puani hakutia muhuri wake. Banda halijengwi. Bomba la nyuma ya kinu limezibwa, wanasema. Mimi nasikia bado linavuja. Honorio ni meya mpaka leo, ana chama kipya cha kulinda mto, nikimwona nabadilisha njia. Mjini watu hawanisalimii. Nunila ananiuzia mkate bila neno, lakini ananichagulia wa moto.

Siku ya tano nikaingia. Alikuwa amekonda, mikono ya posta juu ya shuka, mishipa imejaa sindano. Chumba kilinuka dawa, na chini ya dawa nikasikia mto. Au ni mimi. Nilikaa kwenye kiti bila kuvua koti.

Alikuwa anatazama dari.

"Na baba?" akasema.

Nilijua litakuja. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nimejiapiza: ukweli, Orosia, ukweli wote, hata ukiuma, umeona uongo ulikotufikisha. Baba alikuwa Mkuu miaka kumi na tisa, na mama alimjazia kwa kiriba. Picha yake na kikombe iko juu ya kitanda cha Lamberto nyumbani tangu akiwa kijana.

"Baba alikunywa mto," nikasema. "Mama alijaza mtoni, nilimwona. Mimi ndiye niliyeanza."

Nilisikia kinyaa na ulimi wangu. Ningekuwa na koleo ningeutupa pale ilipokwenda ile chupa.

Lamberto akageuza kichwa kwenye mto wa kitanda. Akanitazama usoni, halafu mikononi, kana kwamba anatafuta kiriba chini ya shali. Sijui kama aliniamini.

"Nina kiu," akasema.

Nikaenda kwenye kona, kulikuwa na jagi, nikajaza bilauri nikamletea. Akaipokea kwa mikono miwili. Hakunywa. Akaisogeza puani kwanza, akanusa, mara ya kwanza na mara ya pili, na mimi nikasimama pale nikangoja amalize.